Udi kwenye Chumba cha Maji

Vijana wenzangu wa maabara mmenisihi niandike yale niliyokuwa nikiwasimulia wakati wa chai. Nimestaafu, muda ninao, na magoti hayanipeleki mbali, kwa hiyo nimekubali. Ila nawaonya mapema: humu hamtakuta nilipandishwa cheo lini wala nilianza na mshahara gani. Cheo kilichelewa kuja, mshahara uliwahi kuisha, na hayo mnayajua kwa kuwa yamewapata ninyi pia. Nitaandika juu ya chumba kimoja na mtu aliyenifundisha kazi humo.

Nilianza miaka ya Ujamaa, wakati kila mtu alikuwa ndugu, hata yule anayekufokea. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nikiishi Temeke kwa wazazi wangu, watu wa Lindi waliokuja Dar kutafuta kazi. Kila asubuhi nilipanda mabasi mawili hadi Mikocheni. Huko, baina ya ghala la magunia na nyumba za watu, palikuwa na jengo refu la bati lenye vyumba vitatu. Kimoja kilikuwa ofisi ya Daktari, kimoja stoo, na cha tatu tulikiita chumba cha maji.

Siku ya kwanza nilijipamba kama naenda harusini. Nilipaka poda usoni na mafuta ya nazi kichwani mpaka nywele zikang'aa. Mlangoni alisimama mzee mfupi mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa laini kama khanga ya zamani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole, kisha akaniambia, "Binti, kanawe." Nikanawa. Akaninusa kwa mbali, akaniambia nirudi tena bombani. Nilinawa mara tatu kwa sabuni ya kufulia, kichwa na uso, nikaingia chumba cha maji nikiwa nimekunjamana na nimenuna. Huyo ndiye Mzee Barnaba, Mmakonde wa Newala, aliyekuwa mchonga vinyago kabla hajawa fundi wa maabara.

Ndani mlikuwa na sinia refu la shaba, limepakwa nta upande wa ndani, limejaa maji yaliyochujwa kwa mvuke mpaka pomoni. Dirisha lilifunguliwa kidogo tu, feni hakuna, na jasho letu tulilifuta kwa taulo kabla halijadondoka. Mzee Barnaba alinionyesha chupa ndogo yenye asidi ya mafuta iliyoyeyushwa katika kimiminika kinachokauka upesi. Alidondosha tone moja juu ya maji. Tone likasambaa, likapotea. Nikamwuliza limekwenda wapi. Akasema lipo, limelala juu ya maji yote, unene wake ni molekuli moja tu, zimesimama wima zimebanana, vichwa chini majini na mikia juu hewani, kama watu kwenye foleni ya sukari.

Kisha akachukua sahani. Tuliita sahani, lakini kilikuwa kipande cha chuma kilichong'arishwa kama kioo, hakizidi ukubwa wa kiberiti. Kilining'inia kwenye uzi, na uzi ulizungushwa kwenye kigurudumu cha mkono. Alikizamisha polepole, akakipandisha polepole. Kikishuka kinachukua tabaka moja la yale mafuta, kikipanda kinachukua la pili. Ukikiharakisha, tabaka linachanika. Mkono ukitetemeka, linakunjamana. Alifanya hivyo mara ishirini na kitu, na mimi nikiwa nimeshachoka kwa kutazama tu, kile chuma kikaanza kuwa na rangi. Kwanza manjano ya chai hafifu, halafu kahawia, halafu zambarau iliyoiva. Mafuta hayana rangi na chuma hakina rangi. Rangi inatokana na mwanga unaporudi kutoka juu ya tabaka na kutoka chini yake, ikibadilika kadiri unene unavyoongezeka. Mzee alinieleza hivyo, na mimi siku ile sikuelewa, lakini nilipenda.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Sahani ikishakuwa zambarau, tuliiosha kwa maji ya chumvi fulani ya alumini, ili uso wake ugeuke tabia, uwe unapokea protini. Halafu tuliichovya kwenye maji yaliyotengenezwa kutokana na minyoo ya kichocho. Molekuli za minyoo haziingii ndani ya mafuta kama maji yanavyoingia kwenye tambara. Zinanata juu tu, safu moja, na zikishanata hazibanduki. Mwisho tulichovya sahani kwenye majimaji ya damu ya mtu. Kama mtu ana kichocho, damu yake ina kinga inayoitambua minyoo, nayo inakwenda kunata juu ya ile safu. Unene unaongezeka kidogo sana, na zambarau inageuka buluu. Kama hana, zambarau inabaki.

Daktari wetu, Dakta Kaijage, mtu wa Bukoba aliyekuwa na mafua yasiyoisha tangu alipofika Pwani, aliota siku ambayo zahanati ya kijiji cha ujamaa, isiyo na umeme wala darubini, itapelekewa sahani hizi kwenye boksi. Mganga achovye, atazame rangi, atoe dawa. Alikuwa mkali, lakini alipozungumza habari hiyo sauti yake ilishuka. Sisi sote tuliamini ndoto ile.

Mzee Barnaba alinifundisha kwa miaka miwili. Alinifundisha kufagia uso wa maji kwa karatasi yenye nta mpaka vumbi lote lihamie pembeni. Alinifundisha kwamba uso uliotengenezwa kupokea kitu utapokea chochote kitakachotangulia. Sahani haijui minyoo wala moshi wa mandazi, inachukua anayewahi. Kwa sababu hiyo chai tulinywa nje, kando ya ghala la magunia, na mvuta sigara hakuruhusiwa hata kusogea ukutani. Kila siku tuliacha sahani moja tupu, isiyochovywa kwenye minyoo wala damu. Hiyo ndiyo iliyotuambia kama tunasema kweli. Ikibaki zambarau tupu, siku imekwenda vizuri. Ikitoka na madoa, kazi yote ya siku hiyo tuliimwaga.

Mwaka wangu wa tatu nikaolewa. Mume wangu Athumani alikuwa dereva wa lori la mizigo, mcheshi, na alinipenda waziwazi mpaka majirani wakanicheka. Kungwi wangu alikuwa Bi Zena, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwanamke ambaye hata baba yangu alimwogopa. Fungate ni siku saba, kila mtu anajua, lakini Bi Zena aliniongezea hadi arobaini kwa sababu anazozijua mwenyewe. Siku zote hizo nguo zangu zifukizwe udi, asubuhi na jioni, mume akiwapo. Nilipomweleza kwamba kazini hatupaki mafuta wala manukato, alinitazama kama niliyetukana. Akasema udi si mafuta. Mimi mwenyewe nilikubaliana naye kwa moyo wote. Kwetu udi ni usafi. Maiti hufukizwa, bibi harusi hufukizwa, mtungi wa maji ya kunywa hufukizwa. Haikunipitia akilini kwamba kitu kinachosafisha kinaweza kuchafua.

Baada ya siku saba nilirudi kazini nikiwa nimefukizwa kuanzia gauni mpaka leso ya mkononi. Wenzangu wa stoo walinipongeza. Mzee Barnaba naye alinipongeza, akiwa ameinamisha macho, na kuanzia siku hiyo akaacha kuniita binti, akaniita mama. Nikaketi mahali pangu kando ya sinia, nikafagia maji, yeye akachovya. Jioni sahani tupu ikatoka na madoa.

Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Rangi zilikuja vipande vipande, huku buluu, huku kahawia, mfano wa shati lililomwagikiwa jiki. Damu ya watu wazima wa afya ikatuonyesha kichocho, na damu ya wagonjwa ikatuonyesha siha njema. Tukabadilisha maji. Tukabadilisha chupa ya asidi. Tukakwangua nta yote ya sinia na kupaka upya. Daktari akasimama nyuma yetu na leso puani, akitazama mkono wa Mzee kwenye kigurudumu.

Daktari alipomwuliza Mzee anadhani ni nini, alijibu kwamba labda ni mikono yake, umri umekwenda. Niliumia kusikia hivyo. Mimi nilikuwa nikiitazama mikono ile kila siku, na sikuwahi kuiona ikitetemeka. Mtu aliyeanza kuchonga mpingo akiwa mtoto, aliyeweza kutoa ukucha wa kidole kwenye gogo, leo anasema mikono yake haifai. Lakini nilikuwa mdogo, naye ndiye aliyesema, mimi ningebisha vipi?

Wiki ya pili ilipokwisha Daktari aliamua. Mzee Barnaba atakwenda stoo kuhesabu chupa. Kama baada ya mwezi mikono yake haijarudi sawa, atapewa barua ya kupumzika, kwa kuwa mradi hauwezi kubeba fundi asiyechovya. Kigurudumu nikapewa mimi. Mzee alikuwa mjane, watoto wake walikuwa Newala, na nje ya chumba kile sikujua mahali pengine alipokuwa na furaha. Alivua koti lake jeupe, akalikunja, akaniambia nishushe uzi taratibu kuliko ninavyodhani inatosha. Akatoka bila kinyongo hata kidogo.

Nilichovya siku saba, na kila siku ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Hilo lilimchanganya Daktari, kwa sababu mikono yangu ilikuwa ya miaka ishirini na miwili. Alianza kulaumu chuma, kisha akalaumu waliotuuzia chuma, kisha bahari.

Ndipo Athumani akapata safari ya Morogoro ya siku tatu. Kanuni ya Bi Zena ilikuwa kwamba mume akiondoka, chetezo kinazimwa. Asubuhi ya kwanza nilivaa gauni la zamani lililofuliwa na kuanikwa juani, nikaenda kazini. Getini nilikutana na Mzee Barnaba amebeba kreti la chupa. Nikamwamkia. Akasimama, akanitazama kwa wasiwasi, akaniuliza kama nyumbani ni kwema. Nikajibu ni kwema. Akauliza tena, polepole, kama bwana hajambo na kama tunaelewana. Nikajibu hajambo, amesafiri tu. Uso wake ukalegea, akasema haya, akaenda na kreti lake. Nilidhani uzee unamfanya awe na maswali mengi.

Jioni ile sahani tupu ilitoka zambarau, safi, kutoka ukingo hadi ukingo. Siku ya pili pia. Siku ya tatu pia, na damu za wagonjwa zikageuka buluu zote kama zilivyotakiwa. Daktari alinipa mkono. Alisema sasa nimeuzoea uzi, na kwamba barua ya Mzee Barnaba haina haja ya kungoja mwezi uishe, ataiandika wiki hiyo hiyo.

Athumani alirudi jioni, na kesho yake asubuhi nikawasha chetezo, nikatandaza gauni juu yake kama kawaida. Moshi ulipanda, ukagonga kitambaa, ukaenea chini yake, ukatulia. Nikabaki nimeutazama. Nilikuwa nimetumia miaka miwili kujifunza jinsi kitu kisichoonekana kinavyosafiri hewani na kulala juu ya uso unaokipokea, na hapo mbele yangu kilikuwa kikifanya hivyo hivyo kwenye gauni nitakalolivaa, nikaketi nalo siku nzima kando ya maji yaliyo wazi. Nikakumbuka swali la Mzee pale getini. Hakuna mtu anayemwuliza mke wa mtu kama wanaelewana na mumewe, isipokuwa ameona jambo. Na jambo pekee lililobadilika kwangu asubuhi ile lilikuwa harufu.

Nilivaa gauni lile lile, sikuwa na jingine kavu. Nilipofika sikuingia chumba cha maji. Nilikwenda stoo moja kwa moja, nikamkuta Mzee amekaa juu ya boksi akifuta chupa. Nikasimama mlangoni.

"Mzee, ni udi wangu," nikasema. "Na wewe ulijua."

Aliiweka chupa chini. Kisha akakiri kwamba alijua tangu siku ya pili. Nikamwuliza kwa hasira, maana nilikuwa nimeshaanza kulia, kwa nini hakuniambia kanawe kama siku ile ya kwanza.

"Siku ile ulikuwa binti, nilikwambia kama nnavyomwambia mwanangu," alisema. "Saa hizi we mke wa mtu. Mie mwanamume mzima nianzeje kukwambia nimekunusa?"

Alijua fungate imeshakwisha, akadhani ni udi uliobaki kwenye nguo, akaona atavumilia siku saba nyingine, utakwisha. Hakujua kwamba kungwi wangu ana kalenda yake. Zilipopita saba, akasema labda kumi. Zilipopita kumi, tayari lawama ilikuwa imeshamfikia, na kumwambia Daktari ingekuwa aibu ile ile mbele ya mtu wa pili. Halafu akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema marehemu mkewe hakuwahi kupata hata wiki moja ya kuitwa bibi harusi, kwa sababu walioana kwenye njaa na kesho yake wakaenda shamba. Aliponiona nimeingia na furaha yangu, hakuwa na moyo wa kuwa mtu wa kwanza kuizima.

Nilimshika mkono wa shati, jambo lisilo la adabu, nikamvuta mpaka ofisini. Dakta Kaijage alitusikiliza na leso yake puani. Nilieleza yote mimi, kwa sababu Mzee alikuwa anatazama sakafu. Nilipomaliza, Daktari alinisogelea, akavuta pumzi kwa nguvu mara mbili, hakunusa kitu. Alikaa chini. Akamwuliza Mzee kama kweli alikuwa radhi kupewa barua kuliko kusema neno moja.

"Ningelisema vipi, Daktari?" alijibu Mzee. "Wewe ungelisemaje?"

Daktari alichana barua aliyokuwa ameshaianza mezani kwake, akasema Mzee arudi kwenye kigurudumu, na mimi kuanzia kesho nisifukize nguo. Nikasema nimekubali. Nilikuwa tayari kukivunja chetezo kile kwa nyundo. Lakini Mzee Barnaba, ambaye kwa majuma yale yote hakujitetea kwa lolote, aliinua kichwa akakataa. Akaniuliza zimebaki siku ngapi kutimia alizoweka kungwi. Nikahesabu, nikasema tisa.

"Basi azimalize," alimwambia Daktari. "Kichocho kipo tangu enzi za mababu, siku tisa hazitakidhuru. Mie nitachovya. Yeye akae stoo."

Daktari alitazama kalenda ya ukutani, akatutazama sisi, akapiga chafya, akasema, "Haya, ndugu. Siku tisa."

Kwa hiyo nikakaa stoo siku tisa nikihesabu chupa, nimefukizwa, na watu wa stoo wakasema mahali pale hapajawahi kunukia hivyo tangu bati lipigwe. Kila mchana Mzee Barnaba alikuja kunipa habari za sahani. Hakuingia. Alisimama uani, hatua kumi hivi, upande ambao upepo unatokea, ili harufu yangu isimfuate kwenye koti, na kutoka huko alinitangazia kwa sauti: sita zambarau, mbili buluu, tupu haina doa. Nilikuwa napunga mkono dirishani, kisha nageuka nalia kidogo kati ya maboksi. Sikuwahi kumweleza Athumani yote. Nilimwambia tu kwamba kazini nimepewa likizo ya harusi, na kwa hakika ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya kumi niliamka nikaoga kwa sabuni ya kufulia, nikavaa gauni lisilo na kitu. Mzee Barnaba alikuwa ameshafagia maji na kuandaa sahani. Aliponiona alisimama, akanipisha kwenye kiti chake kando ya kigurudumu, na alipokuwa akikipangusa aliniuliza, bila kuniangalia, kama nimeolewa vizuri.

Nikamjibu ndiyo, Mzee, nimeolewa vizuri.

"Basi keti," akasema. "Chovya."